Gauni la gunia: namna ya kuandaa kichekesho cha maaskari watumbuizaji wa Burma

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mchana nashona sare za shule. Jioni, kama hakuna msiba wala mpira, nasimamia kikundi cha maigizo cha watu saba na nusu. Hiyo nusu ni mtoto wa dada yangu, anapiga ngoma akishatoka madrasa. Kwa miaka sita mchezo tunaoitiwa kuliko yote ni mmoja tu: askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ambalo wazee waliliita Keya) wako Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1944, wameamriwa waandae burudani ya kumpokea Bwana Jenerali. Wamepewa siku tatu, mvua haikatiki, na kitambaa cha gauni hakuna.

Mwaka huu vikundi vitatu vimenijia kuomba maandishi. Maandishi sina, mchezo wenyewe tuliutunga kwa mdomo, chini ya mwembe, tukigombana. Nilichonacho ni njia tuliyopita na mashimo tuliyotumbukia, basi chukueni hayo.

Kwanza jua watu wako wako wapi

Ukimwuliza kijana wa leo habari za babu zetu jeshini, atakuchanganyia vita viwili kwenye sahani moja. Wapagazi waliotuachia jina la Kariakoo ni wa vita vya kwanza. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, nayo ni ya vita vya kwanza. Sisi tunazungumzia vile vya pili, na ndani ya hivyo kipande kimoja kidogo: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa kwanza Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kisha ikaingia Burma katikati ya mwaka 1944. Kuanzia Agosti walishuka Bonde la Kabaw kutoka Tamu wakiwafukuza Wajapani, mvua za masika ya kule zikiwapiga, hadi wakaitwaa Kalewa tarehe 2 Desemba. Pale wahandisi wakatandika daraja la chuma juu ya mto Chindwin, mita 350 na zaidi, lililosemwa kuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake kwa wakati ule.

Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Kichwani walivaa kofia pana. Kila siku walimezeshwa vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Ruba waliwapanda hadi mahali pasipotajika mbele ya wakwe. Mizigo mingi, chakula hata nguo, iliangushwa kutoka angani, kwa sababu njia za bondeni zilikuwa tope linalomeza lori.

Walikuwamo watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Babu yangu mzaa mama alikuwa batalioni ya 36, ya Tanganyika. Kazi yake ilikuwa hii yangu: sindano. Nusu ya mchezo wetu imetoka kinywani mwake, na ile nusu nyingine nimeitungia uongo unaofanana na ukweli wake.

Na burudani kwa maaskari haikuwa hadithi ya kutunga. Waingereza walikuwa na chama chao cha kupeleka wasanii vitani, ENSA, kilichoanzishwa mwaka 1939, na maaskari wenyewe wakazifumua zile herufi nne wakasema maana yake ni "kila usiku kuna balaa jukwaani". KAR nayo ilikuwa na kikosi chake cha burudani. Marehemu Fundi Konde, yule Mgiriama wa Kilifi aliyefariki mwaka 2000, alipitia humo, na vita vilipokwisha wanamuziki wa kikosi kile wakaendelea kupiga Kenya kwa jina la kifaru kilekile, Rhino Boys. Kwa hiyo mtu akikwambia "mzee, vitani kuna mchezo gani?", mjibu kwamba mpaka gitaa lilikwenda.

Jambo moja la pembeni. Usimwamini kila aliyesema alipigana Burma. Idi Amin naye alidai hivyo, na huku aliingia KAR mwaka 1946, vita vimekwisha, tena kwa mlango wa jikoni, msaidizi wa mpishi. Sisi uongo huo tuliuona ni mali. Tukamtengeneza mpishi wa kombania ambaye kila akija na sufuria anasimulia pigano alilolisikia kutoka nyuma ya magunia ya unga, na kila akisimulia, maadui wanaongezeka. Onyesho la kwanza anawaua watatu, la mwisho wamefika arobaini na wote wamekufa kwa mwiko. Mpishi wa namna hiyo usimkose, maana anakuokoa kila mtu anaposahau maneno yake.

Kitu kinachochekesha ni cheo

Tulianza vibaya. Onyesho letu la kwanza, kwenye uwanja wa shule moja, tulijaza watu kuanguka, kupigana vibao na kukimbizana na nyoka wa mpira. Watoto walicheka. Watu wazima walikuwa wanatazama simu. Usiku ule nikakaa na dada yangu, tukakumbuka beni.

Wazee wa Pwani wanaijua beni: ile ngoma iliyozuka huku mwambao tangu mwishoni mwa karne ya 19, vijana wanavaa kama jeshi, wanapiga gwaride, wanajipa vyeo. Marini upande huu, Arinoti upande ule. Mtu mchana kutwa ni mchukuzi wa mizigo bandarini, jioni ni Jenerali, na mwenzake ni Kingi, na ukikosea kumpigia saluti unatozwa faini. Ngoma hiyo ilisafiri na maaskari na wapagazi mpaka bara. Basi babu zetu walipofika Burma, mchezo wa kugeuza vyeo walikuwa nao damuni. Hawakusubiri kufundishwa na mzungu.

Ndipo tukapata mhimili. Jeshini cheo hakiguswi, jukwaani ni vazi tu. Praiveti mwenye sauti nzuri ndiye anayefaa kuigiza Jenerali, na Sajini asiyejua kuimba hupewa kuwa mbuzi. Sasa Sajini-mbuzi atamwamrisha vipi Praiveti-jenerali? Na mazoezi yakikatizwa na king'ora, nani anamtii nani? Ukishaliweka swali hilo wazi katika dakika tano za kwanza, huhitaji nyoka wa mpira.

Tumia kitu kimoja cha kushikika ili hadhira isome vyeo bila maelezo. Sisi tuna kiti cha kukunja, kimoja tu jukwaani. Anayekikalia ndiye mkubwa. Mchezo mzima watu wanakigombania kwa adabu: Sajini anaondoka dakika moja kuangalia mvua, akirudi Praiveti amekalia, na hawezi kumfukuza kwa kuwa yuko katikati ya maneno ya Jenerali. Anasimama pembeni, anakohoa. Praiveti anazidi kuyarefusha maneno. Usiku mmoja kijana wetu aliyarefusha mpaka akaanza kutaja vituo vya daladala kutoka Pongwe hadi Chumbageni, na Sajini bado amesimama kwa mguu sawa.

Sheria ninayowapigia kelele waigizaji kila siku ni kwamba hakuna anayejua kuwa yumo ndani ya kichekesho. Sajini anataka burudani itoke safi kama gwaride, kwa moyo wake wote. Hiki hapa kipande ambacho hakijawahi kutuangusha, kichukueni:

SAJINI: Kikosi! Kwa kucheka... tayari!
(Wote wanavuta pumzi.)
SAJINI: Kwa hesabu, cheka! Moja!
WOTE: Ha!
SAJINI: Mbili!
WOTE: Ha, ha!
SAJINI: Wewe wa pili kushoto, umecheka kabla ya amri.
PRAIVETI: Samahani, afande. Nilikumbuka kitu.
SAJINI: Kikosini hakuna kukumbuka. Nyuma geuka! Cheka kwa kuangalia ukuta!

Ninajua kwamba amri za gwaride za KAR zilitolewa kwa Kiingereza. Ninaweka "mguu sawa" na "nyuma geuka" makusudi, kwa sababu mbele yangu wamekaa watu waliopita JKT, na amri hizo zikitamkwa miguu yao inajivuta yenyewe. Ukweli mwingine wa historia siuchezei, ila huu nimeuchezea na sijutii.

Kiswahili cha aina tatu

Weka Kiswahili cha Mrima kinywani mwa Praiveti, Kiswahili cha mtu wa bara kinywani mwa Sajini, na Kikeya kinywani mwa Kapteni. Kikeya ndicho kile Kiswahili cha kambini, cha KAR, kilichovuliwa ngeli zote na kubaki na "iko" na "hapana". "Wewe iko cheka mbaya. Mimi nataka cheka mkubwa, kama mutu iko shiba."

Kosa la wengi ni kumwacha Kapteni akivunja Kiswahili dakika arobaini, na watu wanachoka baada ya tatu. Chakula chenyewe kiko kwa wanaomjibu. Kwa heshima wanamjibu kwa Kiswahili chake: "Ndiyo, Bwana, sisi iko cheka mkubwa." Kila siku, kila amri. Halafu usiku, Praiveti wawili wa Tanga, watoto wa mtaa mmoja, wamekaa peke yao gizani:

"Wewe iko na kiberiti?"
"Hapana, mimi hapana iko."
(Kimya kirefu.)
"Mwenzangu... tumekwisha."

Kimya hicho kihesabiwe mpaka sita. Ukikikata kwenye nne, umeuza mchezo kwa bei ya jumla.

Mzaha wa makabila tumeufuta kabisa. Mwaka wa pili mwigizaji wetu mmoja alimfanya askari wa Nyasaland kwa lafudhi ya kubana pua, na watu wakacheka sana. Mchezo ulipokwisha mama mmoja akaja nyuma ya pazia, akasema kwa upole: baba yake alitoka huko, akaja Tanga kwenye mashamba ya mkonge, naye hakuwahi kumsikia akiongea hivyo. Aliondoka bila kutuaga. Tangu hapo lafudhi inayochezewa ni ya mwenye amri peke yake.

Hilo linanikumbusha BBC. Walikuwa na vichekesho vya televisheni kuhusu kikosi cha burudani cha Waingereza huko India na Burma, vikirushwa tangu mwaka 1974 hadi 1981, vikapendwa sana. Lakini mtumishi wa Kihindi aliigizwa na Mwingereza aliyepakwa rangi, na leo lawama ya rangi ile imewafunika vichekesho vyote. Sisi Kapteni wetu ni Mdigo mweusi kama chungu. Hatumpaki chokaa. Anavaa soksi ndefu nyeupe hadi magotini na kubeba kifimbo, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza ni nani yule.

Gauni

Hapa nitakaa, ni kazi yangu.

Katika kila burudani ya maaskari duniani hufika saa inayohitaji mwanamke jukwaani, na kambini mwanamke hakuna. Askari mmoja lazima avae. Swali la kwanza ni kitambaa, na jibu la kila mtu ni parachuti. Watu wamesikia kwamba hariri ya parachuti iligeuzwa magauni ya harusi huko Ulaya. Babu yangu naye alitumwa hivyo hivyo: nenda kaokote parachuti zilizoangushwa na mizigo, mshonee bi harusi.

Akaenda na mkasi wake. Alichokuta ni gunia.

Hilo si la kutunga. Jeshi la 14 la Jenerali Slim, ndilo la Waingereza huko Burma, lilikuwa na uhaba wa parachuti, likatengenezewa za juti huko Calcutta, mji wa viwanda vya juti. Watu hawakushushwa nazo, zilishusha mizigo tu. Moja iligharimu kama pauni 1, na ya kawaida ilizidi pauni 20. Kwa hesabu za vita ni akili kubwa, ila kwa fundi aliyeahidiwa hariri ni matusi. Babu alisema alilishika lile gunia, akalinusa, akajiona yuko Tanga kwenye godauni.

Mchezo wetu wote umening'inia hapo, kwa sababu gunia linawasha. Bi harusi akivaa, anajikuna. Akijikuna kwa mahadhi, inakuwa ngoma. Praiveti wengine wanadhani ndiyo mtindo mpya, wanaiga. Kapteni anauliza hii ngoma ya kabila gani, Sajini kwa hofu ya kutojua anajibu, "Ngoma ya kwao bibi harusi, Bwana." Mpaka mwisho kambi nzima inajikuna kwa hatua nane, mbele nne, nyuma nne. Hatukulipa mtunzi wa ngoma hata senti.

Sasa namna ya kulishona. Tafuta magunia matatu ya juti yaliyowahi kubeba kahawa au korosho. Viroba vya plastiki usiviguse. Vinang'aa kwenye taa na vinapiga kelele kama karatasi ya keki. Loweka usiku kucha, badilisha maji, loweka tena. Bila hivyo mwigizaji atapiga chafya badala ya kuimba. Anika kivulini. Kata ukiacha pindo la vidole vitatu, maana juti inafumuka unapoitazama. Tumia sindano namba 18, mshono mrefu, mwendo wa pole. Cherehani ya kukanyaga inafaa kuliko ya umeme. Zigizaga kingo zote kabla ya kuunganisha. Ndani weka bitana ya kanga kuukuu kifuani na kiunoni, lakini mabegani na nyuma ya shingo acha gunia lenyewe liguse ngozi. Bi harusi wetu amelalamika miaka sita. Nikamwambia siku nitakayotia bitana mabegani ndiyo siku utakayoanza kuigiza kujikuna, na watu watajua.

Maandishi ya gunia usiyafiche. Yale yaliyochapwa kwa wino, uzito na namba, yaweke makalioni. Bi harusi anaingia kwa mbele, adabu tele, anageuka: KILO 60. Huo ni mzaha wa bure ambao hauhitaji kukaririwa. Mtaalamu atasema mwaka 1944 ilikuwa ratili. Namwomba anisamehe.

Na namna ya kumwigiza. Bi harusi wetu ni dereva wa bodaboda, mrefu kama mnazi, sauti ya besi. Usiku wa kwanza alitingisha kiuno, akabana sauti, akakonyeza wazee wa mstari wa mbele. Walicheka dakika mbili, kisha wakawa wanasubiri kingine, naye hakuwa nacho. Usiku wa pili nikamwambia: usifanye lolote. Wewe ni askari umeamriwa uwe bibi, unatii amri. Kaa wima, kunja mikono, omba chai. Akaomba chai kwa besi yake ileile. Sajini, bila kujua kwa nini, akavua kofia. Mpishi akaifuta kikombe. Praiveti akamletea kiti, kile kiti kimoja, ambacho mchezo mzima hakuna aliyewahi kukitoa kwa hiari yake. Watu walilia kwa kucheka, na yeye alikuwa amekaa tu. Ukitaka mwanamume aliyevaa gauni achekeshe, wafundishe wengine saba wanaomzunguka, yeye mwache.

Vikorokoro

Mvua: choroko kavu kwenye ungo mkubwa, izungushwe polepole karibu na kipaza sauti. Radi ni bati moja linalotikiswa. Jukwaa ndani ya jukwaa liwe nyuma ya lori, ambalo ni mabenchi mawili, turubai la kijani na usukani uliotoka gereji. Kofia ni pama za mitumba, ukingo wa upande mmoja umebanwa juu kwa pini. Ruba ni vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vilivyopakwa mafuta. Wakivibandua shingoni vinavutika na kurudi kwa kishindo. Manjano ya usoni ni bizari kidogo kwenye mafuta ya nazi. Iwe kidogo kweli. Tulizidisha mara moja, na Sajini wetu, ambaye ni mwalimu, akaingia darasani Jumatatu akiwa na rangi ya pilau.

Usichochekea

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alivuka bahari ileile. Hakuwahi kuisimulia akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka hata kwenye dawa chungu.

Kichekesho cha vita kisichokuwa na kifo ndani yake kinanuka uongo, na hadhira ya Tanga inanusa. Lakini hotuba usiweke. Sisi tuna Koplo mpiga kodiani. Siku ya pili ya mazoezi anatumwa kupeleka ujumbe kombania ya jirani, dakika kumi tu. Anamwachia Praiveti kigoda chake: "Asikikalie mtu." Mchezo unaendelea, vurugu zinaendelea, watu wanacheka, wanamsahau. Kwenye onyesho la mwisho ngoma ya kujikuna inaanza. Ina sehemu nne ambazo ni za kodiani peke yake. Zikifika, hakuna mlio. Wanazicheza hivyo hivyo, bila muziki, miguu tu kwenye mbao, wote wakiwa wamekiacha kigoda katikati. Kisha ngoma inaingia tena, na bi harusi anajikuna kama kawaida, na watu wanacheka, wengine wakiwa wamekwisha kutoa leso.

Tuliwahi kumweka Sajini atangaze kifo. Tukafuta. Tukamweka mpishi asimulie. Tukafuta nayo. Kigoda kinatosha.

Wajapani hawaonekani jukwaani, na hatuvuti macho kwa vidole. Adui wetu ni mvua, gunia na Kapteni. Wenyeji wa Burma vilevile hatuwaigizi, kwa kuwa hatuwajui. Yupo tu mzee anayesikika nje akiuza ndizi, na bei yake inapanda kila burudani inapokaribia.

Siku yenyewe

Dakika arobaini, zisizidi hamsini. Mazoezi wiki tano, mara tatu kwa wiki. Wiki ya mwisho vaeni mavazi kila siku, hasa gauni. Jenereta lijazwe mafuta na mtu asiyeigiza. Kama mtaani kuna mzee ambaye baba yake au mumewe alikwenda Keya, mfuate nyumbani kabla, kwa salamu kamili, mweleze mnachotaka kufanya, mpe kiti cha mbele. Tulikwenda kwa bibi mmoja wa Makorora tukiwa na hofu atakataa. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Mtaimba au mtapiga kelele?"

Mwisho wa mchezo Jenerali haji. Vikundi vingi vinashawishika kumleta, na sare yenye nishani, na hapo mchezo unakufa, kwa kuwa mkubwa wa kweli akiingia vyeo vya kuigiza vinayeyuka. Kwenye mchezo wetu unaletwa ujumbe tu kwamba amepita njia nyingine. Kapteni anabaki peke yake na watumbuizaji waliojipamba. Anasita, anakikunjua kile kiti, anakaa mvuani kuangalia. Anacheka mahali pasipostahili, peke yake, kwa sauti kubwa. Ndipo ngoma inapoanza. Ikiisha, amri inatoka: alfajiri wanahama. Wanafungasha, na gauni linarudi kuwa gunia; mpishi anatia unga ndani.

Hapo tunazima taa.

Gauni lenyewe usilifue baada ya onyesho. Lianikwe juani kwa muda wa saa tatu, likung'utwe, likunjwe pamoja na majani ya mwarobaini, litundikwe juu mbali na panya. Letu la sasa ni la tatu. Anayetaka kuliazima namkaribisha, kwa masharti mawili: alirudishe likiwa kavu, na asitie bitana mabegani.